BMW bila spea: hizi tairi za ran-flati zikoje?

Mushi_Majengo: Wakuu, nimechukua BMW 320i iliyotumika Japani. Nyuma hakuna spea wala jeki. Muuzaji anasema tairi ni ran-flati, haziogopi pancha. Kila wiki napanda Arusha na kurudi Moshi. Nizibakize au nifunge za kawaida?

Fundi_Unga Ltd: Haziogopi pancha? Hapana mkuu, amekudanganya. Pancha zinapata kama tairi yoyote. Tofauti iko ubavuni: mpira wake ni mnene na mgumu, upepo ukiisha ubavu wenyewe unabeba gari. Kwa kawaida unaruhusiwa kilomita 80 hivi, mwendo usizidi 80 kwa saa. Ukizidisha, joto linaukata ubavu kwa ndani. Juzi nimefungua moja hapa, nje inang'aa kabisa, ndani mpira umesagika, unga mweusi umejaa kwenye rimu. Hiyo sizibi hata mteja akinibembeleza, maana itapasuka na watu ndani. Na kwa kuwa pancha yake huisikii kwenye usukani, taa ya upepo ya dashibodi lazima iwe nzima. Hakikisha hilo kwanza.

Mama Noah: Nilikuwa nazo. Ukiingia vumbi la kijijini, kila jiwe unalisikia kiunoni. Bei nayo!

Fundi_Unga Ltd: Kweli dada, ni ngumu na nzito. Mushi, kwa lami ya Moshi–Arusha zibakize. Ila ukianza safari za mbali porini, funga za kawaida, ununue spea na jeki siku hiyohiyo.