Tupeane uzoefu: ulienda kuona tamthilia inayosifiwa na kila mtu, ikawaje?

Mwanzisha mada:
Wakuu, nimetoka ukumbini juzi na kinyongo changu, nikaona nisife nacho. Tiketi nilikata miezi miwili kabla kwa sababu ya mwigizaji mmoja tu. Nakaa kitini, nafungua kijitabu cha programu, kikaratasi kikadondoka mapajani: leo nafasi yake inachezwa na mwigizaji wa akiba. Sababu hawakuandika. Basi sehemu yote ya kwanza nilimtazama yule dada wa watu kama mtu aliyeazima nguo za mwenzake. Na kweli, mikono ya koti ilimzidi, kila akitupa kisogo anaikunja. Makofi alipata, tena ya kusimama. Mimi nilibaki kumlinganisha na mtu ambaye sijawahi hata kumwona akicheza. Ninyi je?

Nyuma ya Nguzo:
Pole mkuu. Yangu ilikuwa tiketi ya bei chee, imeandikwa kabisa kuwa sehemu ya jukwaa haitaonekana. Nikadhani wanatishia. Kumbe nguzo, nzima nzima, mbele ya pua! Mfalme alifia upande wa kushoto. Nilijua amekufa kwa sababu jirani yangu alishika mdomo.

Mchelewaji:
Mimi dakika nne tu. Mlango haufunguliwi mpaka onyesho la kwanza la mchezo liishe, nikasimama ukumbi wa nje na wenzangu kama watoto waliotolewa darasani. Hadi leo sielewi kwa nini wale ndugu wawili walikuwa hawasemezani.

Shemeji Mtu:
Nilikuwa London, tukaenda kuona The Mousetrap ya Agatha Christie, ile inayochezwa tangu 1952, ambayo corona ndiyo iliyokuja kuisimamisha 2020 hadi 2021. Mwishoni watazamaji huombwa wasiende kumtaja muuaji huko nje. Sasa mimi nilishuka kwenye ndege asubuhi ileile. Kiti laini, giza, joto... nilishtushwa na makofi, nikapiga na mimi. Tunatoka namuuliza mke wangu, "Kwani nani kaua?" Akanijibu, "Tumeombwa tusiseme." Mwaka wa sita huu. Mtandaoni najua jibu lipo, ila nikitafuta huko nitakuwa nimeshindwa.

Mwanzisha mada:
Hahaha, shemeji yetu huyo hana huruma hata kidogo. Usitafute, kaza hapohapo.

Safu ya Kwanza:
Mimi nilikaa mbele kabisa, mate ya waigizaji niliyaona yakiruka kwenye mwanga, na vipande vya utepe sakafuni vinavyoonyesha kiti kikae wapi. Tamthilia yenyewe, kusema ukweli, ilikuwa ndefu bila sababu. Waliosifu nadhani walisifu maleba na taa. Ila kuna mahali mama anapokea barua ya mwanawe. Anaisoma kimya, hakuna muziki. Kutoka nilipokaa niliona karatasi ni tupu, haina hata mstari. Lakini macho yake yalikuwa yanatembea, kushoto kwenda kulia, yanashuka, yanatembea tena. Halafu yakasimama. Yakapanda mstari mmoja juu, akarudia kusoma pale pale. Ndipo akakaa chini.

Mwanzisha mada:
Mkuu, hapo aliporudia paliandikwa nini?

Safu ya Kwanza:
Karatasi tupu, nimekwambia. Na mimi ndilo swali nililoondoka nalo.