Wakuu nimeua samaki 14 ndani ya siku nne, naanzaje upya tanki la majani na samaki mchanganyiko?

Baba Naima Tabata:
Wakuu habari za mihangaiko. Naombeni msaada ila msinicheke sana. Kuna jirani alikuwa anahama akaniuzia tanki la kioo, nimelipima ni sm 90 kwa 40 na kimo 45, lina pampu ndogo ya hewa na mawe ya rangi rangi chini. Nikaliosha kwa sabuni ya unga (najua, najua), nikajaza maji ya bomba jioni hiyohiyo, kesho yake Jumamosi nikapita duka moja la samaki wa mapambo nikamwambia muuzaji ndo naanza, nipe mchanganyiko. Akanifungia goldifishi wanne, guppi sita, enjelifishi wawili na wale weusi wa kusafisha kioo wawili, akasema ukifika mwaga tu humo hawana shida hao.

Jumapili walikuwa wazima kabisa, Jumatatu goldifishi wakawa wanapanda juu wanahema mdomo wazi kama mtu aliyekimbizwa na mgambo, Jumatano asubuhi naamka maji yamekuwa meupe kama tui la pili na sebule inanuka. Wote. Binti yangu ana miaka sita na alishawapa majina, sasa hv kila akirudi shule ananiuliza baba unawaleta lini wengine.

Nataka nianze upya vizuri, niweke majani ya kweli siyo yale ya plastiki, na samaki wa aina tofauti wakae bila kulana. Maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili tatu kwa wiki tunajaza simtenki, halafu kuna kisima cha mwenye nyumba ila yana munyu flani na sabuni haitoi povu. Umeme mnaujua wenyewe. Tanki nimeliweka juu ya meza ya TV. Sasa nitumie maji gani, mchanga gani, majani napata wapi, na samaki gani wanavumilia hili joto la Dar?

mzee wa sponji:
Pole sana mkuu, wengi humu tumeanzia hapohapo, mi wa kwangu wa kwanza walikufa 2011 na nilidhani nimerogwa. Samaki wako hawakufa kwa ugonjwa, wamekufa kwenye mikojo yao wenyewe. Iko hivi, samaki anatoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na chakula kilichobaki kikioza nacho kinatoa amonia, na hiyo kitu ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Kwenye tanki lililokomaa kuna bakteria wanaoishi kwenye sponji (ile ya kuchujia maji, inayoendeshwa na pampu ya hewa) na mchanga, kundi moja linageuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na hiyo samaki anaivumilia mpaka uje kubadilisha maji, na majani yanaila. Tanki lako halikuwa na bakteria hao hata mmoja. Ule weupe kama tui ni bakteria wa aina nyingine waliolipuka kwa ajili ya uchafu, ndo wakamaliza na hewa iliyokuwepo.

Kwa hyo usinunue samaki. Narudia, usinunue samaki hata binti akilia. Unaanza na maji na majani, bakteria wanachukua wiki nne mpaka sita kujaa. Wanahitaji kulishwa, we nenda soko la samaki la Feri nunua kamba mmoja tu, mfunge kwenye kipande cha soksi safi mning'inize ndani, akishaanza kuoza mtoe. Tafuta na vile vikaratasi vya kupimia maji, siku amonia na naitraiti vyote vinasoma sifuri na naitreti imepanda hapo ndo umeiva.

Ila kuna njia ya mkato ya halali kabisa. Mi niko hukohuko Tabata, nina sponji imefanya kazi miaka mitatu, rangi yake kama tope la Jangwani. Nicheki PM uje uchukue nusu, unaiweka kwenye tanki lako siku hiyohiyo isikauke njiani. Itakupunguzia wiki kadhaa.

Sabuni sasa. Mawe ya rangi tupa, sabuni inajificha humo. Kioo suuza kwa siki, halafu maji, halafu maji tena, mpaka ukipitisha kidole hakitelezi.

fundi_aluminiam:
Mkuu kabla ya mambo ya bakteria, toa hilo tanki kwenye meza ya TV LEO. Piga hesabu, tanki lako likijaa mpaka juu ni lita 162, lita moja ni kilo moja, tuseme unaishia lita 140, ongeza mchanga kilo 30 na kioo chenyewe cha milimita nane ni kama kilo 30 nyingine, una kilo 200 juu ya mbao za MDF ambazo zikiguswa na maji zinavimba kama mkate. Mi nimeshaitwa kwa mteja saa nne usiku, meza imepinda katikati kama machela, kona ya kioo imeachia, zulia linaelea. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya skweapaipu, juu weka mbao nzito na juu ya mbao weka stairofomu shiti nzima ili kioo kisikalie kokoto yoyote.

Na kama kuna mahali panavuja usizibe na silikoni yoyote ya dukani, zile za bafuni zina dawa ya kuua ukungu na inaua samaki vilevile. Chukua ile inayonuka kama siki ikiwa mbichi na haijaandikwa kuzuia ukungu, iache ikauke siku tatu ndo ujaze maji.

Bi Kigamboni:
Mie ni wa majani, nijibu upande huo. Baba Naima usichote mchanga wa beach, umejaa makombe na chumvi. Chukua mchanga wa mto ule wa kujengea, uuoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi, mie huwa naosha ndoo moja mara 15 mpaka mgongo unaniuma. Mawe nayo angalia, haya mengi ya pwani yetu ni chokaa na matumbawe, yanaongeza ugumu wa maji (yale madini yanayofanya sabuni isitoe povu) taratibu. Dondoshea siki, likitoa vipovu ni chokaa.

Majani kwa mtu anayeanza usihangaike na ya kwenye picha za intaneti yale mekundu yanayotaka gesi ya kaboni dayoksaidi. Weka valisneria, ile kama utepe mrefu, inazaa vitoto vyenyewe kwa mizizi, na maji magumu inayapenda. Weka honiweti, ile kama mkia wa paka, hata haina mizizi, inaelea tu inakula amonia kama mchwa. Anubiasi nayo ya Afrika Magharibi, haifi kirahisi, ila watu wengi wanaifukia lile shina lake nene kwenye mchanga linaoza, wewe lifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Jaza mengi toka siku ya kwanza, siyo vijani vitatu kama mochwari.

Taa LED ya kawaida nyeupe, saa saba kwa siku, uiwekee taima. Usiweke tanki dirishani, jua likipiga utapata supu ya kijani. Na mbolea ya shamba usithubutu, kuna mtu namjua aliweka urea chini ya mchanga ili majani yanenepe, urea si inageuka kuwa amonia hiyohiyo.

Kingine, usiende kung'oa majani kwenye mabwawa na mitaro. Yanakuja na konokono, na kuna konokono wa huku pwani ndo wanaobeba kichocho. Omba kwa mtu mwenye tanki, honiweti mie kila mwezi natupa ndoo.

Mnyamwezi Halisi:
Swali la kizushi, kwanini tunahangaika na samaki wa Amazon wakati Ziwa Nyasa na Tanganyika ni zetu? Wazungu wanalipa hela ndefu kwa mbuna wetu, wale samaki wa miambani wa Nyasa. Na maji magumu kama ya hicho kisima ndo wanayapenda. Mkuu weka mbuna umalize kazi.

mzee wa sponji:
Mnyamwezi upo sahihi nusu. Kwa maji magumu mbuna ni samaki wa kwao kabisa, mi ninao tanki la pili. Ila jamaa anataka majani na anataka mchanganyiko wa amani. Mbuna anakula majani, anafukua mchanga kama mwizi wa viazi, na dume akichagua jiwe lake basi hata kivuli anakipiga. Wale wadogo wa Tanganyika wanaoishi kwenye magamba ya konokono wazuri sana, ila nao wape tanki lao.

Halafu tukisema vya kwetu watu wanasahau hata hapahapa pwani tuna maajabu. Kwenye vidimbwi vya mvua kuna vile visamaki vya Nothobranchius, Unguja wanaye guentheri na huku bara kuna melanospilus, dume ana rangi utadhani kapakwa. Dimbwi likikauka wote wanakufa, mayai yanabaki kwenye tope kiangazi chote, mvua ikirudi yanaanguliwa. Siyo wa kuanzia lakini, natoka nje ya mada.

Baba Naima Tabata:
Aisee nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Ripoti: tanki lipo chini sakafuni linasubiri stendi. Nilikuwa nimeokota mawe mazuri meupe maeneo ya Wazo, nimedondoshea siki yamechemka kama soda, wife kasema nimeharibu siki ya kachumbari. Mzee wa sponji nashukuru nimepita kwako jana, sponji tayari iko kwenye maji na pampu inapuliza. Nimeona watu wanaweka sukari na hamira kwenye chupa kutengeneza gesi ya majani, niweke? Na bado hamjanijibu maji ya kisima au bomba, na samaki gani?

Bi Kigamboni:
Sukari na hamira kwa joto letu inachacha kwa fujo siku chache imekwisha, kila wiki utakuwa unapika togwa. Majani niliyokutajia hayahitaji, achana nayo.

mzee wa sponji:
Maji, tumia ya bomba yaliyolala kwenye simtenki. Klorini inaua samaki na inaua hao bakteria unaowafuga, ila ikikaa wazi siku moja mbili inapotea, hasa ukiweka na kijiwe cha hewa. Ukiwa na haraka tafuta ile dawa ya matone ya kuondoa klorini. Kisima usitumie peke yake mpaka upime, ukionja una chumvi ya wazi basi valisneria yenyewe itanuna. Robo kisima na robo tatu bomba mi nimefanya miaka na sijaona shida. Kila wiki toa kama robo ya maji weka mengine, yale machafu mwagia mchicha. Sponji usiioshe bombani, ikamue kwenye ndoo ya maji ya tanki hayohayo.

Samaki sasa. Kwa maji yetu magumu na joto, watu wako ni guppi, plati na moli. Jike wawili watatu kwa dume mmoja, la sivyo madume yanawachosha majike mpaka kufa. Na usidhani ukinunua majike tu hutapata watoto, jike la guppi linatunza mbegu miezi, kila baada ya wiki nne hivi linashusha. Chini weka koridorasi sita, wanakaa kundi, chagua aina ya sterbai maana wengine joto linawasumbua. Mla utelezi chukua ancistrus mmoja, yule mwenye ndevu, anaishia sm 12 hv. Wale weusi uliouziwa huenda ni pleko wa kawaida, yule anavuka sm 30.

Neoni tetra achana nao, wanataka maji laini na ubaridi wa nyuzi 26 kushuka, tanki langu mwezi wa pili linafika 31. Goldifishi hapana, ni samaki wa maji ya baridi, anachafua kwa watu watatu na anang'oa majani. Enjelifishi akikua atakula watoto wote wa guppi. Anza na guppi watano, subiri wiki mbili, pima, ndo uongeze. Siyo 14 siku moja.

Joto likizidi weka feni ipulize juu ya maji, inashusha nyuzi mbili tatu. Umeme ukikata usilishe kabisa, na kila baada ya muda chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu. Au nunua ile pampu ya hewa ya kuchomeka kwenye pawabenki.

Mnyamwezi Halisi:
Mzee kamaliza. Nimekaa pale na mbuna wangu.

Baba Naima Tabata:
Wakuu nimerudi, ni wiki ya saba. Stendi imekuja, mchanga nimeosha ndoo nne na nimemwelewa Bi Kigamboni aliposema mgongo. Honiweti imejaa mpaka napunguza. Wiki ya kwanza kikaratasi kilisoma amonia juu, ya tatu naitraiti ikapanda rangi kama zambarau, ya nne vyote sifuri. Nikaweka guppi watano, hakuna aliyekufa. Jana usiku binti kaniita anapiga kelele baba kuna macho, kumbe kwenye honiweti kuna vitoto, tumehesabu tisa, vidogo kama punje ya ufuta na mkia. Umeme ulikata juzi saa sita nzima nikakesha na jagi, wife ananiangalia tu.

Swali la mwisho, hao watoto niwatoe au niwaache?

Bi Kigamboni:
Waache, honiweti ndo nyumba yao. Watakaoliwa wataliwa, watakaobaki bado watakuwa wengi mpaka utafute wa kumgawia.

mzee wa sponji:
Hongera mkuu. Wakikua naomba jike mbili. Na ndoo yangu uliyobebea sponji iko wapi?