Huyu bwana wa jana ametutukana walipa kodi wote

Wakuu, mnamfahamu ninayemsema, kwa hiyo jina silitaji. Jana jioni, mbele ya ukumbi mzima wa watu wanaokatwa kodi Uingereza, alisimama akatueleza kwamba wakubwa wa QinetiQ, kampuni ya teknolojia ya ulinzi iliyokuwa mali ya serikali, walistahili kila senti kwa sababu walithubutu. Walithubutu! Tangu hapo sijalala, na presha yangu sasa inaweza kurusha kombora bila msaada wa maabara yoyote.

Mwaka 2001 wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi uligawanywa: sehemu ndogo ikabaki serikalini kwa jina la Dstl, na takriban robo tatu, pamoja na maabara, wanasayansi na hataza zilizogharimiwa na umma, ikageuzwa kampuni, ndiyo hiyo QinetiQ. Carlyle, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ikanunua fungu lake kwa pauni milioni 42. Mameneja kumi wa juu wakatia takriban pauni 540,000, na hisa zilipoingia sokoni mwaka 2006, fungu lao likawa na thamani ya pauni milioni 107. Ripoti ya ukaguzi ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba walijadiliana na Carlyle kuhusu hisa zao kabla bei ya mauzo haijakamilika. Yaani umetumwa kuuza ng'ombe wa ukoo, unapatana na mnunuzi akuachie paja, halafu mtu ananiambia ulithubutu!

Fundi Redio: Mkuu, pole, lakini ukumbini ulinyamaza, ukaja kutufokea sisi tusiokuwapo. Ripoti hiyo hiyo ilikiri kwamba biashara ilisimama imara.

Mleta uzi: Kipaza sauti alikikumbatia yeye. Walithubutu, jamani!

Binti Mrima: Mnasahau skrini za kioo kioevu (LCD) za saa na vikokotoo. Kemikali zake alizibuni George Gray na wenzake pale Chuo Kikuu cha Hull, kwa fedha za wizara hiyo hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hao ndio waliothubutu, na paja hawakuliona.

Askari Mstaafu: Ninyi mnalilia hisa za zamani. Marekani ilianza mradi wa ndege ya kivita ya F-35 bila kununua haki za data zote za kiufundi, na mpaka leo fundi wa jeshi ameshika spana huku akimsubiri mkandarasi.

Fundi Redio: Afadhali ndege. Je, vipuri vyake navyo ni vya nani?

Askari Mstaafu: Fungua uzi wako, mkuu, hilo peke yake halimaliziki leo.