Uzi: Kundi letu limetua Wuhan, tuanzie wapi?

Kutoka: kiongozi wa kundi, Hongshan. Ijumaa 5 Septemba 2025, asubuhi

Salaam wanajumuiya, na shikamooni wakubwa.

Tumeingia China jana, kundi zima la wanafunzi wapya, Dar mpaka Guangzhou kisha Wuhan. Mizigo imefika salama ila pawabenki zetu zimebaki Guangzhou. Tangu mwisho wa Juni, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya China ya usalama wa bidhaa), na zetu za Kariakoo hata namba hazisomeki. Wanaokuja nyuma yetu wajue.

Tuko bweni la wanafunzi wa kigeni. Usajili wa chuo ni Jumatatu. Wengine wanasema tulale tu mpaka siku hiyo, wengine wanataka kutoka kutafuta laini za simu, na wawili wana ndugu zao Hanyang, sehemu nyingine ya mji huu, wanataka kwenda kulala huko wikiendi. Mtupe mwongozo.

Kutoka: kaka wa mwaka wa nne, Wuchang

Marahaba mdogo wangu, karibuni sana.

Hao wawili waende Hanyang mchana, wale wali, jioni warudi bwenini. Mgeni yeyote anatakiwa aandikishwe polisi mahali anapolala, ndani ya saa 24. Hoteli inakuandikisha yenyewe, na bweni nalo kwa kawaida lina utaratibu wake, ila muulizeni mama wa mapokezi. Ukilala kwa ndugu, ni wewe na mwenyeji wako kwenda kituo cha polisi cha mtaa huo. Faini inaweza kufika yuan 2,000, na kile kikaratasi cha polisi ndicho mtakachoulizwa mkienda kuomba kibali cha kuishi.

Sasa sikilizeni hesabu ya kibali, maana hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Viza yenu ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, inawapa siku 30 tangu mhuri wa kuingia, na ndani ya siku hizo muwe mmeshaomba kibali. Mmeingia tarehe 4 Septemba, kwa hiyo siku zenu zinaishia mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 1 mpaka 8 Oktoba ni sikukuu ya taifa pamoja na ile ya mbalamwezi, ofisi zimefungwa. Kwa hiyo msijihesabie siku 30, jihesabieni mpaka wiki ya nne ya Septemba, na kabla ya hapo kuna kupima afya na kusubiri majibu. Ukipitiliza bila kibali ni yuan 500 kwa siku, mpaka 10,000.

Jambo lingine, mkishaomba kibali, pasipoti inabaki ofisi ya uhamiaji. Kisheria wana hadi siku 15 za kushughulikia, nyie mnabaki na stakabadhi. Benki niliyokwenda mimi haikutaka hata kuiangalia hiyo stakabadhi. Ndiyo maana nasema laini leo, benki wiki ijayo, halafu ndipo pasipoti iende. Ipo benki itakayowaambia mlete kibali kwanza. Msibishane nao, nendeni tawi la karibu na chuo lililozoea wanafunzi.

Na jina! Laini, benki na WeChat (programu ya ujumbe na malipo ya huku) vyote visome kama pasipoti ilivyoandika, mpangilio uleule, nafasi zilezile. Jina la ukoo likikaa mbele huku na nyuma kule, simu na kadi havitaungana, na utarudi dukani mpaka muuzaji akukariri.

Kutoka: mzazi, Morogoro

Hamjambo wanangu. Mtoto wangu yumo kwenye hilo kundi. Tangu jana ujumbe wa WhatsApp una tiki moja tu, na babu yake hajalala. Huko hakuna mtandao?

Kutoka: dada wa udaktari, Hankou

Shikamoo mama. Mtandao upo, tena wa kasi, ila WhatsApp, Google, Facebook na Instagram zimefungwa China. Laini ya nyumbani ikiwa imewashwa huduma ya nje, WhatsApp hupita, ila gharama yake utaisikia. Wewe weka WeChat kwenye simu yako. Wakati wa kujiunga inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani, hivyo mtafute jirani mwenye biashara na China, Morogoro hawakosekani. Na sisi tuko mbele kwa saa tano: ukimpigia saa tano usiku, kwake ni saa kumi alfajiri.

Kwenu wadogo zangu: kupima afya nendeni asubuhi bila kula, wanachukua damu. Bebeni fomu za vipimo mlivyofanya nyumbani, nakala halisi na si picha. Zikikubaliwa mtapunguziwa safari, zikikataliwa mtapimwa upya, msikasirike. Bima ya wanafunzi wa kigeni ni yuan 800 kwa mwaka, wenye ufadhili wa serikali ya China wanalipiwa.

Mabinti, wikiendi hii nunueni shuka, blanketi na ndoo. Joto la sasa lisiwadanganye. Wuhan iko upande wa kusini, ambako majengo hayawekewi mfumo wa joto wa mji kama Beijing, na Januari chumba kinakuwa baridi kuliko nje.

Chakula. Asubuhi mji mzima unakula reganmian, tambi kavu zenye rojo la ufuta, na mimi nazitetea mbele ya yeyote. Waislamu muwe macho, duka moja linaweza kuchanganya na nguruwe. Tafuteni kibao chenye maandishi ya Kiarabu, maduka ya tambi za Lanzhou yanayoendeshwa na Wahui (Wachina Waislamu), na ulizeni chuoni kama kuna kantini ya halali. Unga wa sembe kama wetu ni wa kuusaka. Kuna unga wa mahindi wa njano, ukisongwa unakubali, ila wa Iringa watalia.

Kutoka: kaka mkubwa wa Mombasa, Xiaobei, Guangzhou

Niongeze mawili. Kwanza pesa. Posho ya ufadhili wa serikali ya China kwa mwezi ni yuan 2,500 kwa shahada ya kwanza, 3,000 uzamili, 3,500 uzamivu, lakini ya kwanza huchelewa mpaka benki ikae sawa. Kwa sasa unganisheni kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani kwenye Alipay, programu ya kulipia kwa simu. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada, yakizidi ni asilimia 3, hivyo ununuzi mkubwa subirini. Noti muwe nazo kidogo mfukoni.

Pili, kazi. Kabla mwezi haujaisha atatokea mtu wa kuwaambia kuna shule ya chekechea inatafuta mwalimu wa Kiingereza, wikiendi tu, pesa mkononi. Viza ya masomo hairuhusu kazi bila idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji. Ukikamatwa, faini ni kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kesi nzito ina mahabusu mpaka siku 15. Wa kulipa ni wewe. Yule wakala utakuta ameshabadilisha namba.

Mkija kututembelea kwa treni ya kasi, safari ya kama masaa manne hivi, tazameni jina la kituo kwenye tiketi: Wuhan, Hankou na Wuchang ni vituo vitatu tofauti, na mto Yangtze uko katikati.

Kutoka: kiongozi wa kundi, Hongshan. Ijumaa usiku

Asanteni. Laini tumepata, tumepigwa picha za uso dukani na majina tumeyakagua herufi kwa herufi. Wa Hanyang wamerudi na vyombo vya pilau, tumekula wote. Mama wa Morogoro, mwanao yuko hai, alikuwa amelala tu. Chaja zetu za miguu mitatu mikubwa haziingii ukutani. Tununue adapta?

Kutoka: dada wa udaktari, Hankou

Nunueni chaja mpya ya hapa, umeme ni volti 220, karibu sawa na wa nyumbani. Simu ya kiongozi ichajiwe kwanza, Jumatatu ofisi ya wageni itampigia yeye.