Re: Nyumba ya Moshi mkirudi baharini mnamwachia nani?

> Shikamoo dada. Mwakani nastaafu, na nyumba yetu ya Soweto, hapo Moshi, imekwisha kuezekwa. Nasikia wewe na shemeji mnaishi kwa zamu, Juni hadi Agosti chomboni, Desemba Moshi. Mkiondoka mnaifunga au mnaweka mtu? Tunawaza hata kuhamia moja kwa moja.

Marahaba mdogo wangu, hongera kwa bati.

Mwaka wa kwanza tuliifunga. Usithubutu.

Shemeji yako unamjua, mtu wa Pangani, kala chumvi ya bahari miaka thelathini kwenye vyumba vya injini. Chombo chetu cha tanga kinalala nchi kavu Preveza, Ugiriki, na kukilaza anajua kweli: tanga zinashushwa na kukunjwa, tangi la dizeli linajazwa hadi juu ili unyevu usipate pa kugandia, vali za chini zote zinafungwa, betri zinatolewa. Basi nyumba nayo akailaza hivyo hivyo. Akaziba matundu ya hewa kwa magazeti, akafunga maji, akazima umeme, ufunguo tukampa mpwa wangu awe anachungulia.

Tuliporudi Desemba, mlango wenyewe uligoma kufunguka. Mchwa walikuwa wamejenga mfereji wa udongo, unene wa kidole, kutoka kona ya sebule, ukapanda fremu, ukapita nyuma ya picha yetu ya harusi mpaka darini. Nikabonyeza fremu kwa dole gumba, likazama. Friji sitaieleza, watu wengine wanasoma hapa wakiwa wanakula. Na mpwa alikuwa amechungulia kweli, maskini. Kutokea getini.

Umeme nao una lake. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa ndani ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Usiponunua umeme miezi tisa, hujaikwepa, inajilimbikiza, na siku ukinunua unakatwa yote kwanza. Mzee wangu, huyo shemeji yako, aliweka elfu kumi akapata uniti za kuchekesha, akaanza kugombana na mita. Na laini yangu ya simu ilikuwa imefungwa kwa kutotumika, hivyo hata M-Pesa ya kumlipa fundi sikuwa nayo. Siku hizi nimemwachia mtu namba ya mita, ananunua kidogo kila mwezi ananitumia zile tarakimu 20, na laini yangu naipigisha simu hata nikiwa Southampton, Uingereza.

Huyo mtu ni mama mjane, anakaa nyumba ya uani na binti yake. Halipi kodi ya pango, sisi ndio tunamlipa, na tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kazi yake kubwa ni kufungua madirisha asubuhi na kuishi. Chakula kinapikwa uani, bomba linafunguliwa, mtu anapita koridoni. Mchwa wakianza mfereji, kuna wa kuuona mapema. Si ndugu yangu, na hapa najua nachokoza nyuki. Ndugu ukimkaripia Jumatatu, Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Mimi kikao kimoja kilinitosha.

Kuhusu kuhamia moja kwa moja, fikirini mara mbili kama mnategemea pensheni ya serikali ya Uingereza. Ukihamia Tanzania unalipwa, ila nyongeza ya kila mwaka huipati. Inabaki pale pale ilipokukuta. Halafu pasipoti. Mzee alichukua ya Uingereza, na sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika mbili, kwa hiyo Moshi anaingia kwa viza ya dola 50, siku 90. Mimi nimebaki na yangu ya Tanzania, kwa hiyo mimi viza naiomba ya kuingia Ugiriki, nako ni siku 90 katika kila 180. Yeye huko hahitaji viza, lakini tangu 2021 anahesabiwa siku hizo hizo. Ndiyo maana tuna miezi mitatu ya bahari na mitatu ya mlima. Si mapenzi yetu, ni mihuri. Viwanja vya ndege tunapokezana: Preveza ananisubiri yeye, KIA, pale Kilimanjaro, namsubiri mimi, na kila mara anayesubiri ndiye anayelalamika.

Moshi Januari ni jua la kweli, mjini huwezi kulala mchana. Tunapanda Kibosho kwa mama mara kwa mara. Huko mzee halali vizuri. Usiku upepo wa mlimani ukishuka kihambani, majani makavu ya migomba yanapigapiga kama tanga lililolegea, naye anaamka na tochi, anatoka nje na shuka kiunoni kwenda kukaza kamba. Anafika katikati ya migomba ndipo anakumbuka. Mama yangu ameacha kuuliza.

> Asante dada! Na tiketi za Desemba?

Kata mapema sana, na shuka KIA. Ukipitia Dar wiki ya Krismasi utakuta Wachagga wote wanagombea basi hilo hilo unalolitaka, na nauli imevaa suti.

Mzee ananong'ona hapa niongeze: friji mkiondoka izimeni, na mlango uwekeeni taulo lililokunjwa usijifunge. Hilo ni la chomboni, na hilo moja lilikuwa sahihi.