Asilimia moja ya kipato kwa ajili ya tabianchi: mkulima wa Uganda atoe au asitoe?

Mnunuzi wa Kahawa, Mbale

Ndugu zangu, naleta ubishi ulioanzia ghalani kwangu wiki iliyopita, na tangu siku hiyo haujanitoka kichwani.

Kijana mmoja aliyekuwa akisubiri kupimiwa kahawa alitusomea kwenye simu habari za utafiti uliochapishwa mwaka 2024. Watu karibu 130,000 wa nchi 125 waliulizwa kama wako tayari kutoa asilimia 1 ya kipato cha nyumba yao kila mwezi kupambana na ongezeko la joto duniani. Asilimia 69 walikubali. Asilimia 89 walitaka serikali zao zifanye zaidi. Tena nchi maskini na zenye joto ndizo zilizokuwa na waliokubali wengi kuliko nchi tajiri. Mzee mmoja wa Bulambuli akauliza, "Hiyo asilimia moja, nadaiwa mimi?" Ghala zima likagawanyika.

Naanza na ninachokiona. Nanunua arabika ya Mlima Elgon. Zamani mvua ya Machi ikishika, mibuni ilichanua kwa pamoja, ukipita asubuhi unaona mteremko mzima mweupe. Siku hizi mvua inanyesha siku mbili, mti unadanganyika, unachanua, kisha jua linarudi. Mwezi uliopita nilishika tawi moja lisilozidi urefu wa mkono wangu: lina maua, lina kahawa mbichi, lina nyekundu, lina nyeusi iliyokwisha kukauka. Mwenye shamba anarudi kwenye mti huo mara tano au sita, na kila mara vibarua wanataka pesa yao. Akianika, mvua isiyotarajiwa inaikuta kahawa kwenye turubai, na ikifika kwangu nanusa ukungu tu.

Muulize huyo mkulima kama amesikia "mabadiliko ya tabianchi", atakuambia hapana. Uchunguzi wa miaka ya 2007 na 2008 ulionyesha kwamba watu wazima 4 kati ya 10 duniani hawakuwa wamewahi kusikia habari hiyo. Naamini wengi wao ni kama huyu, jambo analijua, jina hana. Kwa Luganda watu husema *obudde*, neno moja kwa hali ya hewa na kwa wakati, na mimi naona wamepatia. Mvua haijaisha, imepoteza saa yake.

Basi semeni. Atoe au asitoe?

Mwalimu, Bombo

Asitoe hata senti. Afrika yote kwa jumla inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Lengo likafikiwa 2022, miaka miwili baada ya muda walioahidi, na sehemu kubwa ya pesa hizo ni mikopo. Mtu amekuchomea nyumba, halafu anakukopesha mabati! Leo mnakaa ghalani kujadili sisi tuchange kiasi gani?

Na swali lenyewe halina usawa. Asilimia 1 ya mshahara wa mtu wa Ujerumani ni chakula cha jioni hotelini. Kwa jirani yangu hapa ni chumvi na sabuni. Ufaransa yenyewe, mwaka 2018 serikali ilipotaka kuongeza kodi ya mafuta, watu walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara mpaka kodi ikaondolewa. Wao wakigoma ni haki yao, sisi tukikataa tunaambiwa hatujui?

Kijana wa Hoima

Mimi naendesha lori la kokoto. Ukiniuliza kama nataka serikali ifanye zaidi kuhusu hali ya hewa, nasema ndiyo. Ukiniuliza kama nalitaka bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka huku kwetu mpaka Tanga, nasema ndiyo pia, maana ujenzi wake ndio unaonilisha. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulipinga Septemba 2022, wengi huku tuliumia. Tuliona kama mtu aliyeshiba anamnyang'anya mwenzake sahani.

Lakini msidhani hatuoni. Ziwa Albert lilipofurika mwaka 2020 lilimeza mialo ya wavuvi, watu wakahama na makaratasi na mitumbwi. Huyo anayehesabu watu amehesabu ndiyo yangu ya kwanza tu. Angeniuliza na ya pili, halafu aniulize nalalaje na zote mbili.

Mama wa Kasese

Mwanangu wa Hoima, kutafuta riziki si kosa. Ila mafuta hayo yakichomwa, joto lake halitauliza limetoka Hoima au Texas. Litarudi kwetu sote.

Mwaka 2020, mwezi wa tano, Mto Nyamwamba ulishuka na mawe makubwa kama nyumba, ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Baadaye wahubiri wakatuambia ni dhambi zetu. Wazee wa Kikonzo nao wana lao. Kwao mungu wa mlima, Kitasamba, anakaa juu kwenye theluji ya Rwenzori, na watu wamemkosea. Mimi namwogopa Mungu na wazee nawaheshimu, lakini nimeona jambo moja, kwamba kote huko tunalaumiwa sisi tulio chini ya mlima. Barafu ya Rwenzori mwaka 1906 ilifunika karibu kilomita za mraba 6 na nusu, leo haifiki hata moja. Hiyo haikuyeyushwa na sigiri yangu.

Na huyo anayetaka asilimia 1, mwambieni nimeshatoa. Mwaka jana nilipanda kilo kumi za maharage, mvua ikakatika, mbegu ikaozea ardhini. Nikanunua kumi nyingine kwa shilingi 50,000. Kwa mwaka shamba linanipa kama milioni 3, na asilimia 1 yake ni 30,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Jirani, Busia

Kabla ya kutoa au kutotoa: pesa anashika nani?

Mwalimu, Bombo

Mama amemaliza kesi. Wanaulizwa kama *wangetoa* watu ambao tayari wanatoa kila msimu, na hakuna anayewaandikia risiti.

Mnunuzi wa Kahawa, Mbale

Mama, asante. Hesabu yako nimeisoma ghalani kwa sauti, na yule mzee wa Bulambuli akaomba niirudie.

Mwalimu, deni la matajiri silifuti. Walipe, tena si kwa mkopo. Lakini mimi ninaishi chini ya mlima huu. Machi 2010 udongo ulifukia Nametsi, kule Bududa, watu wakafa kwa mamia. Julai 2022 Mto Nabuyonga uliingia humu mjini usiku, watu wamelala. Novemba 2024 mlima ukashuka tena Bulambuli. Nikingoja pesa ya Copenhagen ndipo mteremko upandwe miti, nitazika watu kwanza.

Kuna kitu katika utafiti ule kijana alikiruka, nami nilikikuta baadaye. Watu waliulizwa pia: unadhani wenzako wangapi katika nchi yako wangekubali kutoa? Kwa wastani wakakisia asilimia 43, na waliokubali wenyewe ni 69. Yaani wengi wako tayari, na kila mtu anamdhania mwenzake si tayari, basi wote wanakaa na mikono mfukoni.

Nilipoisoma nikaikumbuka *munno mukabi* yetu, kikundi chetu cha kusaidiana kwenye misiba na harusi. Mwaka wa kwanza hakuna aliyetoa mpaka amwone jirani ametoa. Kilichotuokoa ni daftari. Kila Jumapili katibu anasimama, anasoma jina na kiasi, jina na kiasi, mbele ya watu. Jirani wa Busia, hilo ndilo jibu langu kwako. Pesa ishikwe na watu wanaoweza kumfuata mweka hazina mpaka mlangoni kwake.

Kwa hiyo mimi nasema atoe, lakini isiondoke kijijini. Iwe miche ya mringaringa ya kutia mibuni kivuli, iwe mikono ya kuchimba makinga maji kwenye mteremko. Asiye na shilingi atoe siku moja ya jembe. Na mimi ninayefaidika na kahawa yao nianze, maana kipato changu kinazidi cha wengi wao.

Jumamosi wakulima wanaleta mzigo. Kila atakayepanga foleni nitamuuliza maswali mawili: wewe ungetoa? Na unadhani wangapi katika hawa waliosimama nyuma yako wangetoa? Majibu nitayaandika kwenye karatasi kubwa, niibandike pale kwenye mzani. Mwalimu, njoo ushuhudie. Hoima ni mbali, lakini kijana, swali lako la pili nitaliongeza.