Sauti ya Mungu katika Kantiko ya II ya Britten

Swali: Wakuu, tunaandaa "Abraham and Isaac" (1952), yaani Kantiko (utungo wa kuimbwa) ya II ya mtunzi Mwingereza Benjamin Britten, ya alto, tenori na piano. Mungu anaimbwa na sauti mbili pamoja, lakini kwetu wanasikika watu wawili badala ya mmoja. Tunakosea wapi?

Jibu: Tenori ndiye Ibrahimu, alto ni Isaka, na Mungu ni wote wawili; mwimbaji wa tatu hayupo, na hapo ndipo uzuri wake. Mara nyingi tenori humfunika alto. Apunguze yeye, alto asilazimishwe kupaza. Semeni kwanza maneno bila noti, pamoja, mpaka vokali na pumzi zilingane.

Jibu: Na piano! Arpejio (noti za kodi zinazopigwa moja baada ya nyingine) ziwe laini mno, pedali ya kurefusha mlio ishikiliwe. Ikiachiwa mapema, waimbaji hukosa egemeo na sauti hushuka.

Muuliza: Asanteni. Pedali tulikuwa tunaiachia kweli.